Safari ya Rodi

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani, aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1973, mbele ya mkutano wa mwaka katika bwalo la shule.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wenzangu wa miaka ile, na ninyi vijana mlioketi nyuma huko mkinusa pilau ya jikoni:

Ndugu Katibu aliniomba nizungumze juu ya faida za kusafiri. Nilimjibu kuwa faida za kusafiri sizijui sana, ila safari moja naijua vizuri, na kama mkutano utaniruhusu nitaieleza hiyo tu.

Binti yangu ni muuguzi Uingereza. Mwezi Mei 2023 alinilipia nafasi katika msafara wa watu 24, siku tisa, kuzuru Ugiriki. Karatasi ilipofika niliisoma mara mbili: kuona urithi wa Wayahudi na mandhari ya pwani ya Bahari ya Mediterania. Nikampigia simu. Nikamwuliza, "Mwanangu, mimi mtu wa Ujiji na urithi wa Wayahudi, wapi na wapi?" Akajibu, "Baba, ndiyo iliyokuwa na nafasi, na bei imepunguzwa." Basi, hiyo ndiyo sababu. Msidhani nilikwenda kama mtaalamu.

Lakini katika karatasi ile palikuwa na picha ya kadi ya zamani: bandari, vinu vya upepo vitatu vimejipanga juu ya gati, na chini yake neno moja, RODI. Neno lile lilinikalisha kitini. Yanipasa nieleze kwa nini.

Marehemu baba yangu alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1942 kwenda kutafuta kazi Kongo. Wazee waliomo humu wanaikumbuka njia: meli hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie; gari moshi hadi Kabalo; meli ya Mto Lualaba hadi Bukama; kisha gari moshi tena hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Huko alipata ukarani katika duka la nguo. Mwenye duka alikuwa Mzungu, lakini si Mbelgiji, na nyumbani kwake walizungumza lugha ambayo baba hakuisikia kwa Wazungu wengine. Kwao, alisema, ni Rodi. Sisi watoto tulidhani Rodi ni mji wa Kongo, kama Kasulu ilivyo kwetu.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka ule vita vilipokwisha, baba alikwenda kazini asubuhi akakuta duka limefungwa. Akazunguka mlango wa nyuma. Akamwona bwana wake ameketi sakafuni, kola ya shati imechanika, na Wazungu wengine wanne watano wameketi chini vilevile, kimya, wakila mayai ya kuchemsha. Vijana, nataka mwelewe hiyo ilikuwa Kongo ya wakati gani. Mwafrika kumkuta Mzungu sakafuni lilikuwa jambo la kutisha. Baba akafikiri haraka kama karani: viti havipo, duka limefungwa, kwa hiyo wadai wamekuja kukamata mali. Bwana amefilisika. Na mtumishi wa mtu aliyefilisika huulizwa maswali na polisi. Akatoka kimya kimya, akafunga virago, akarudi Ujiji. Mshahara wake wa mwezi mzima aliuacha.

Kisa hicho alikisimulia mpaka alipofariki mwaka 1991, na kila mara alimalizia hivi: yule bwana wa Rodi alikuwa tapeli, alivichanganya vitabu vyake akala jasho la watu. Nasi tuliamini. Ungemwaminije mwingine, mbele ya baba yako?

Nisiwacheleweshe kwa habari za ndege. Athens tulikaa siku mbili. Kiongozi wetu, mama wa Kigiriki mwenye kimwavuli chekundu, alituhesabu kila tuliposhuka basini kama mwalimu wa zamu anavyohesabu watoto wa mabweni. Jioni ya kwanza nilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli nikizungumza na binti yangu kwa simu. Nilipokata, sauti nyuma yangu ikauliza, "Baba, weye ni mutu wa wapi?" Niligeuka nikimtafuta Mkongomani. Nikaona bibi Mzungu, mfupi, ameshika fimbo. Alizaliwa Élisabethville mwaka 1944, baba yake na mama yake wote watu wa Rhodes, na tangu ujana wake anakaa Brussels. Kiswahili chake ni kile cha Katanga, kinachotufanya sisi tucheke, lakini kilitoka bila kukwama. Tangu hapo basini tulikaa kiti kimoja.

Ndiye aliyenieleza mambo ambayo shuleni hatukufundishwa. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, wengi walipokewa katika dola ya Waturuki, na wengine wakafika Rhodes baada ya Waturuki kukiteka kisiwa hicho mwaka 1522. Kwa zaidi ya miaka 400 waliendelea kusema Kihispania chao cha kale, Ladino. Ndiyo lugha aliyoisikia baba. Mwanzoni mwa karne ya 20 maisha ya kisiwani yalikuwa magumu, vijana wakaanza kuondoka: Marekani, Argentina, Rhodesia, na wengi Kongo, ambako walifungua maduka na kufanya biashara ya samaki. Vijana mnaofuata mpira mnamjua Moïse Katumbi wa TP Mazembe, klabu aliyochezea Mbwana Samatta wetu. Baba yake Katumbi, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes aliyefika Katanga akafanya biashara ya samaki. Naona sasa mmeacha kutazama jikoni.

Kutoka Athens tulikwenda Chania, katika kisiwa cha Crete. Bandari yake ya kale ilijengwa na watu wa Venice, nyumba zimeinama juu ya maji kama zinajitazama, na pweza wameanikwa kamba moja na taulo za watalii. Vichochoroni kuna sinagogi dogo, Etz Hayyim, ua wake una kivuli. Wayahudi wa Crete walikamatwa Mei 1944 wakapakiwa katika meli iitwayo Tanais. Tarehe 9 Juni manowari ya Waingereza ikaizamisha, pasipo kujua waliomo ni mateka. Sinagogi lilibaki gofu kwa miaka mingi, likakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 1999, na Januari 2010 likachomwa moto mara mbili katika mwezi ule ule mmoja. Likatengenezwa tena. Mlango uko wazi na mtu huingia.

Kisha Rhodes. Nitasema kweli, ndege ilipoinama juu ya kisiwa nilidhani nimerudi nyumbani. Ng'ambo ya maji milima ya Uturuki inaonekana wazi, kiasi cha kilomita 18 tu, kama milima ya Kongo inavyoonekana kwetu Kigoma siku isiyo na ukungu. Maji yake lakini ni mengine: karibu na ufuko ni kijani, mbele kidogo buluu, halafu buluu nyeusi kama wino wetu wa kalamu za kuchovya. Mjini kuna ukuta wa mawe wa mashujaa wa Msalaba waliotawala kabla ya Waturuki, mnene kiasi kwamba gari lingepita juu yake. Tulipelekwa pia Lindos, kijiji cheupe chini ya mwamba wenye magofu ya hekalu. Wenzangu walipanda kwa miguu. Mimi na yule bibi tulibaki chini tukila visamaki vya kukaanga, vidogo, vya kuliwa na vichwa vyao. Nikamwambia hawa ni dagaa. Akasema, "Hapana, baba, hawa ni ndakala." Hatukukubaliana. (Miezi miwili baadaye, Julai 2023, moto wa misitu uliwaka upande ule wa kusini, watu wapatao 19,000 wakaondolewa. Ile misonobari tuliyoipita kwa basi sijui ingapi imebaki.)

Mtaa wa Wayahudi uko ndani ya ukuta, upande wa bandarini. Njia zake zimetandikwa kokoto za pwani, zimesimamishwa wima moja moja, na mwenye viatu vya soli nyembamba atajuta. Sinagogi liitwalo Kahal Shalom lilijengwa mwaka 1577, nalo ndilo kongwe kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Sakafu yake ni kokoto nyeusi na nyeupe zenye michoro ya maua. Pembeni, katika vyumba walimokuwa wakisalia wanawake zamani, kuna makumbusho: picha za harusi, madaftari ya shule, hati za kusafiria. Ukutani niliona picha za maduka ya Kongo. Wahudumu Waafrika wamesimama mlangoni, majina yao hayakuandikwa. Nilizitazama moja moja, karibu na mbali, mpaka kiongozi akaja kunitafuta na mwavuli wake. Baba hakuwamo.

Karibu na hapo pana uwanja wenye chemchemi ya farasi wa baharini, na jiwe jeusi lenye maandishi ya lugha kadhaa. Kiongozi alisimama akasoma kwa sauti ya kawaida. Waitalia waliotawala kisiwa tangu 1912 walitoa sheria za ubaguzi mwaka 1938, na wengi wakahama. Septemba 1943 Wajerumani wakachukua madaraka. Julai 1944 waliwaita wanaume wote wa Kiyahudi waje na hati zao, kisha wanawake na watoto wafuate na vitu vyao vya thamani. Jumapili tarehe 23 Julai walipangwa mstari wakapelekwa bandarini, zaidi ya watu 1,600. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwapigania wale aliodai ni raia wake na jamaa zao, akawatoa watu wapatao 40. Waliobaki walisafirishwa kwa matishari hadi Piraeus, kisha kwa mabehewa ya mizigo hadi Auschwitz, wakafika tarehe 16 Agosti. Waliopona ni 151.

Yule bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa chemchemi. Babu zake na bibi zake, wote wanne, walikuwa katika mstari ule. Nikangoja. Halafu, kwa kuwa sikujua la kusema, nikamsimulia kisa cha baba yangu. Nilikianza kama mtu anayesimulia jambo la kuchekesha, kwa sababu nyumbani ndivyo kilivyosimuliwa. Nilipofika kwenye mayai akaniwekea mkono begani.

Akaniuliza mwaka. Nikamwambia, mwaka vita vilipokwisha. Akasema ndipo barua zilipoanza kufika Élisabethville. Wao wakifiwa na mzazi huchana nguo karibu na shingo, na huketi chini. Viti huondolewa. Majirani huleta mayai, kwa kuwa yai halina mdomo, na mfiwa naye hana la kusema. Kwa kawaida huketi siku saba, na habari ikichelewa huketi kitambo kidogo tu. Lakini mwaka ule hakuna aliyejua siku waliyokufa watu wake, hivyo kila nyumba ilifanya kama ilivyoweza. Baba yake mwenyewe, aliambiwa na mama yake, alikaa sakafuni mpaka taa zikawashwa.

Ndugu Mwenyekiti, sina ushahidi kwamba bwana yule alikuwa mwaminifu. Pengine vitabu vyake navyo vilikuwa vibaya. Lakini ninajua sasa kwamba viti havikukamatwa na mtu, na kwamba duka lilifunguliwa siku chache baadaye, na karani hakuwapo. Pengine na yeye, bwana, alisimulia mpaka kufa kwake habari za karani wa Ujiji aliyemkimbia siku ile ile.

Yule bibi alifungua mkoba wake akatoa noti ya euro 50. Nikakataa. Nikamwambia, mama, wewe si mdeni, hata jina la bwana yule hatulijui wote wawili, baba alimwita Bwana tu. Akasema katika dini yao mshahara wa kibarua haulali usiku mmoja, na huu umelala miaka 78. Nikamwambia hata sisi tunafundishwa hivyo hivyo. "Basi chukua," akasema. "Deni ni ya Rodi." Watu wa msafara walikuwa wanatutazama, na mwavuli mwekundu umekwisha kuinuliwa. Nikachukua.

Nilipofika Ujiji niliwakusanya ndugu zangu nikawaeleza yote. Dada yetu mkubwa alilia. Mdogo wangu, ambaye baadhi yenu mlisoma naye hapa na mnamjua tabia zake, alisikiliza mpaka mwisho, akasema fedha hiyo ni mali ya marehemu, kwa hiyo ni mirathi, na sina haki ya kukaa nayo. Tupo warithi wanane, wanaume watatu na wanawake watano, na wawili kati yetu wamekwisha fariki na kuacha watoto. Sheikh aliyeombwa kuigawa alichukua kalamu, akapiga hesabu upande wa kwanza wa karatasi, akageuza upande wa pili, akaomba apewe muda. Noti iko ndani ya kitabu cha hesabu cha baba, sandukuni, nami ndiye mwenye ufunguo.