Siku ya Tatu Mpe Jembe



Wahenga wetu walituachia neno fupi juu ya mgeni: siku mbili mtunze, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili halikukusudiwa kumfukuza mgeni, bali kumwingiza nyumbani. Aliyepewa jembe hahesabiwi tena kuwa mpita njia; amekuwa mmoja wa watu wa mji, naye hula jasho lake pamoja nao.

Dominika hii twataka kulitafakari neno hilo kwa ajili ya wageni wa namna ya pekee, yaani wale watokao nchi za mbali, hujilipia nauli, wakaja Afrika ya Mashariki kuwatunza wanyama wa porini pasipo kudai mshahara. Mzazi anayewaona wakipita barabarani huweza kuuliza: “Huyu amevuka bahari kwa ajili ya kima, na mwanangu aliyekosa daftari, hamwoni?” Swali hilo si la chuki. Ni swali la haki, nasi hatuna budi kulijibu kwa haki.

Tuanze nyumbani, Rungwe. Tangu zamani wawindaji wa Kinyakyusa walisimulia habari za kima mwenye haya, akaaye juu kabisa mitini katika msitu wa mlima wetu, nao walimwita kipunji. Wataalamu walipoyasikia masimulizi hayo walisitasita, kwa maana mapokeo ya wenyeji yana wanyama wa kweli na wanyama wa roho pia. Lakini mwaka 2003, watafiti wa shirika la hifadhi ya wanyamapori, WCS, wakiwa pamoja na wenyeji, walimwona kwa macho: mwenye manyoya marefu ya kahawia, kishungi kichwani, na mlio wa kubweka usiofanana na wa kima wengine. Mwaka 2005 habari zake zilitangazwa ulimwenguni. Mwaka 2006 wataalamu walimtenga katika jenasi yake mwenyewe, wakaiita Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Ilikuwa miaka 83 tangu jenasi mpya ya kima wa Afrika ipatikane.

Tazameni jambo hili, ndugu wapendwa. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma ya kwamba kazi mojawapo ya kwanza aliyopewa mwanadamu ni kuwapa wanyama majina. Kumbe kazi hiyo mababu wa Rungwe walikwisha kuifanya. Ulimwengu uliposema, “Tumempata mnyama mpya,” mnyama mwenyewe alikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa kinywani mwa watu wasiojua chuo kikuu. Hapa mgeni afundishwa neno la kwanza: kabla ya kushika jembe, sikiliza. Nasi wenyeji twafundishwa neno la pili: ujuzi wa wazee wetu ni hazina, tusiutupe jalalani.

Lakini habari ya kipunji ina upande wake wa huzuni. Wataalamu walipata mwili wa kumchunguza kwa sababu mwaka 2005 kipunji mmoja kijana alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, shambani, pembezoni mwa msitu wa Rungwe. Tusimhukumu mkulima yule. Aliyelima kwa jembe la mkono, akapalilia huku mvua ya Tukuyu ikimnyeshea mgongoni, kisha akaamka asubuhi na kuyakuta mahindi yamevunjwa, huyo anajua uchungu ambao msomi wa mbali haujui. Mtego ule haukutegwa kwa ukatili. Ulitegwa kwa njaa. Hata hivyo, hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kwamba kipunji wote duniani walikuwa kiasi cha 1,117 tu, nao hupatikana katika nchi yetu peke yake, huku nyanda za juu za kusini na kule Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Basi, mtego mmoja katika shamba letu ni jambo la dunia nzima.

Je, tuchague nani, mtoto au kima? Ndugu zangu, atupaye swali hilo ametupa swali lililovunjika. Msitu uleule unaomlaza kipunji ndio unaokamata mawingu na kuyageuza vijito vinavyoshuka mashambani mwetu. Mto Kiwira, upitao chini ya lile Daraja la Mungu na kwenda kumwaga maji yake Ziwa Nyasa, haunyweshi kima peke yao. Ukifyekwa msitu, atakayetangulia kubeba ndoo kwenda mbali ni binti yetu. Kwa sababu hiyo mwaka 2009 Mlima Rungwe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia, na mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa. Tusisahau kwamba katika ile bustani ya kwanza mwanadamu alipewa kazi mbili pamoja: kuilima na kuitunza. Mwenye kulima bila kutunza humaliza udongo. Naye atakaye kutunza huku akimzuia maskini asilime, amemwachia mwenzake njaa.

Ukweli huu aliutambua mgeni mmoja mashuhuri wa nchi yetu. Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall, msichana Mwingereza wa miaka 26 ambaye hakuwa na shahada yoyote, alifika Gombe, Kigoma, kuwachunguza sokwe. Wenyeji walimwongoza msituni, naye alijifunza kukaa kimya na kungoja. Baada ya miaka thelathini alipanda ndege, akaiona Gombe kutoka juu: msitu mdogo uliozungukwa na vilima vilivyobaki uchi. Akatambua ya kwamba sokwe hawawezi kuokoka ikiwa watu walio kando yao wanaishi kwa shida. Hivyo mwaka 1994 ulianzishwa katika vijiji vya Kigoma mpango wa TACARE, wa kupanda miti, wa afya, wa elimu na wa kuwainua akina mama. Kabla ya hapo, mwaka 1991, alikuwa ameanza na wanafunzi 12 Dar es Salaam umoja wa vijana wa Roots & Shoots, ambao ulienea katika nchi nyingi. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Yeye alikuja kwa ajili ya sokwe, na sokwe wakampeleka kwa watu.

Hilo ndilo jibu kwa mzazi wetu. Huruma ya kweli haikati watu vipande. Kule Uganda, katika kisiwa cha Ngamba ndani ya Ziwa Viktoria, tangu mwaka 1998 hutunzwa sokwe yatima ambao wengi wao mama zao waliuawa na majangili. Watu kutoka nchi nyingi hufika kusaidia kuwaandalia chakula na kuwasafishia malazi. Kazi hiyo ni ya unyenyekevu, na afanyaye kwa moyo safi hana sababu ya kuona haya. Hata Nuhu, alipowaingiza wanyama safinani, hakuuliza kila mmoja ana faida gani sokoni.

Lakini si kila ajaye kwa jina la kujitolea anajitolea kweli. Tuwapime wageni wetu kwa mambo matatu. Kwanza, je, anasikiliza? Ajaye akiwa na majibu yote hajaja kutumikia, amekuja kutawala. Pili, je, kazi yake inamnyang'anya kijana wa kijiji riziki yake? Ikiwa mlinzi mwenyeji anaondolewa ili mgeni afanye bure, hiyo ni hasara iliyovikwa kanzu ya sadaka. Tatu, akiondoka, kitabaki nini? Aliyebaki na picha zake tu, huku wenyeji wakibaki na mikono mitupu, hakulishika jembe, alilitazama tu.

Na sisi je? Vijana wetu wengi hutamani nao kwenda nchi za nje kujitolea. Tamaa hiyo ni njema. Kutumikia hakuna mpaka. Ila asiyejitolea kwa kijito cha kijijini kwake, atakuwa mtumishi wa namna gani ng'ambo ya bahari? Jambo hili makatekista wetu wanalifahamu kuliko msomi yeyote. Katekista aamkaye alfajiri, akatembea kwa miguu katika matope hadi kigango cha mbali ili kuwafundisha watoto, huku malipo yake hayatoshi hata sabuni, huyo ndiye mwalimu wa kwanza wa kujitolea. Mgeni kutoka London au Chicago akitaka kujua maana ya neno hilo, na akae wiki moja pamoja naye.

Basi, wapendwa, juma hili tufanye hivi. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tukutane na wale wenye mashamba yaliyo kando ya msitu. Tusiwaendee na karipio. Twende na zamu za kulinda mahindi, ili mmoja asibebe peke yake gharama ya kumtunza kiumbe wa wote. Pale mtego ulipotegwa, tumwombe mwenye shamba autegue, nasi tumwahidi nguvu zetu. Watoto na wawaulize babu na bibi majina ya ndege, ya miti na ya wanyama, wayaandike. Naye mgeni mwema akija, tumkaribishe kwa ndizi na maziwa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu tumpe jembe, nasi tushike letu tukalime pamoja naye.

Mwenyezi Mungu, aliyemwona kipunji kileleni mwa mti kabla sisi hatujazaliwa, na amwonaye mkulima katika uchungu wa shamba lake, atujalie moyo wa kutumikia pasipo kuhesabu malipo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.