Mkurugenzi wa kesho yuko meza ya mtendaji

Ndugu zangu vijana wa Daraja Mbili, nanyi mnaonisoma kutoka Unga Limited, Sombetini na kwingineko, leo sizungumzii wabunge wala mawaziri. Namzungumzia mtendaji wa mtaa, yule unayemkimbilia ukitaka barua ya utambulisho.

Wengi wenu mnamdharau, mnamwona mtu wa mhuri tu. Lakini hebu jiulize: mkurugenzi atakayeliongoza Jiji la Arusha miaka 20 ijayo atatoka wapi? Hatashuka kutoka Mlima Meru! Mambo yakienda sawa, mtu huyo leo yuko kwenye ofisi ndogo kama hiyo, anajifunza kusikiliza ugomvi wa majirani, kuitisha mkutano na kusoma mapato na matumizi bila kuficha hata shilingi.

Je, anaandaliwa? Vyuo tunavyo. Mzumbe ilianza 1953, enzi za mkoloni, ikifundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Chuo cha Utumishi wa Umma kilianzishwa 2000, Taasisi ya Uongozi 2010. Hapa hapa Arusha, pale Njiro, kuna ESAMI, wanakosoma maofisa wa nchi mbalimbali za Afrika. Swali ni nani anapelekwa. Kufundisha wakubwa peke yao ni kumwagilia mti matawini.

Mwaka 2017 watumishi wa darasa la saba, wakiwamo watendaji, waliondolewa kazini kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Aprili 2018 serikali ikawarudisha walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004. Sisemi elimu haina maana. Nauliza: mtu akitumika miaka zaidi ya 10 bila kusomeshwa, siku akiambiwa hafai, kosa ni lake au la mwajiri?

Huko juu nako, Julai 2016 Rais John Magufuli aliteua wakurugenzi wa halmashauri 185 kwa mkupuo. Baadhi yao walitoka kwenye siasa, hawakupanda ngazi ya utumishi. Anayepanda ngazi akiona wenzake wanapitia dirishani, ataacha kujifunza kazi, atajifunza kujipendekeza.

Nini kifanyike? Kwanza, mtendaji mpya asiachiwe ofisi kabla ya kukaa na mzoefu wa kumwelekeza. Pili, kila mkubwa apimwe pia kwa watu aliowaandaa kushika nafasi yake. Tatu, nafasi zitangazwe na zishindaniwe, hata ya mkurugenzi.

Na wewe kijana usikae kijiweni ukisema kazi ni za watoto wa vigogo. Matangazo ya kazi ya mtendaji wa mtaa daraja la tatu yamekuwa yakitaka kidato cha nne au cha sita, pamoja na cheti cha fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, au chuo kingine kinachotambuliwa. Hilo si jambo la mbinguni. Soma, omba.

Kama huombi, basi nenda mkutano wa mtaa. Nyosha mkono, uliza fedha zimekwenda wapi. Mtendaji aliyezoea kujibu maswali yako leo, akiwa mkurugenzi kesho hatashangaa kuulizwa. Asiyewahi kuulizwa atatuona sote wakorofi.