Mchongaji Ana Jina

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuzungumze juu ya kinyago. Hapa Tunduma, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, hupita vijana wamekumbatia vinyago vyeusi. Nimewauliza si mara moja: hiki kimechongwa na nani? Jibu ni lile lile: "Wamakonde." Kana kwamba Wamakonde wote wana mkono mmoja! Ukiuliza watu wale waliobebana mabegani wana maana gani, utaambiwa, "Huo ni ujamaa, mzee, na bei inapungua."

Hebu basi tumtazame mmoja mwenye jina. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934, kusini kule Masasi. Hakuanza na mpingo. Alianza na mizizi ya muhogo, kitu laini, ambacho mtoto akikosea anakitupa na kuchukua kingine. Mpingo ulikuja baadaye, mkono ulipokwisha kukomaa. Na hapo pana busara kubwa, maana mpingo ni mgumu ajabu; patasi ikiteleza, kazi ya wiki nzima imekwenda. Huyo ndiye mwalimu wa kwanza: mzizi wa muhogo, na wazee wanaokutazama bila kusema sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa mchongaji katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972. Mjomba akamtafutia kazi. Si ya kuchonga, la hasha! Kazi ya ulinzi wa usiku. Fundi aliyekwisha kuiva akakubali kulinda kazi za wenzake. Haukupita muda mrefu kazi zake nazo zikaonekana, akaingizwa kundini, na mwaka 1978 zilionyeshwa Washington, Marekani. Mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo yaliyotuna, yanayocheka na kuishi kama sisi, yalijulikana duniani. Alifariki mwaka 2005, na mjukuu wake, Hendrick Lilanga, aliyejifunza kwa babu, naye ni msanii.

Lakini shetani wa kinyago hakuanza na Lilanga. Katika miaka ya 1950, wachongaji waliohamia Dar es Salaam kutoka Msumbiji walikuwa wakichonga zaidi wanachokitaka wanunuzi: mwanamke na mtungi wake, mzee na mkongojo wake. Ndipo Samaki Likankoa alipochonga kiumbe kisichofanana na mtu wala mnyama, na mfanyabiashara Mohamed Peera akakinunua. Wengine wakafuata njia hiyo. Na ule mnara wa watu waliobebana unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, naye wa kutoka Msumbiji. Ulichongwa kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, likaukalia vizuri. Kwa hiyo wanaodhani siasa ndiyo iliyozaa kinyago wanakosea. Kinyago kilitangulia, siasa ikakipa jina.

Sasa mtu atasema: hayo ni ya Wamakonde, sisi Songwe yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma. Walijenga matanuru ya udongo, wakayeyusha mawe ya chuma, wakafua majembe. Ufundi ule ulikuwa na miiko yake na dawa zake, na haukuandikwa popote. Ulikaa kwa mzee mpaka kijana akae naye. Jembe la dukani lilipofika kwa bei rahisi, kijana hakuona sababu ya kukaa. (Tunacho kimondo, najua. Ni chuma cha tani 12 hivi pale Ndolezi, na wageni wanakuja kukitazama. Lakini kile kilianguka tu kutoka mbinguni, hakuna fundi wa kumsifu.)

Mpingo nao huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ndiyo sababu wajanja wanapaka mti mweupe dawa ya viatu na kuuita mpingo. Ukitaka kuwashika, tumbukiza kipande chake majini: mpingo huzama.

Ninayo maombi mawili. Kwa anayenunua: ulizia jina la aliyechonga, na kama halipo chini ya kinyago, muuzaji aeleze kwa nini. Kwa halmashauri zetu: mnapopeleka wajasiriamali Nane Nane, pale uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, msimpe mchongaji meza ya kuuzia peke yake. Mpeni na mkeka, gogo, tezo moja ya ziada, na vijana wawili wa kukaa naye kwa siku zote za maonyesho. Na kwa kuanzia, mizizi ya muhogo tunayo tele.