Kubweteka: Usingizi wa Waliokwisha Kuamka



Neno langu la leo nimeliokota uwanjani. Mpira ukitangazwa redioni, timu ikiongoza kwa mabao mawili kisha ikarudishiwa yote mawili dakika kumi za mwisho, mtangazaji hasemi wachezaji wamechoka wala hasemi hawajui mpira. Anasema wamebweteka. Neno hilo lina siri yake: timu iliyo nyuma haibweteki. Ili ubweteke, sharti uwe umeshashinda kitu. Kwa hiyo nikitafuta habari za kubweteka katika maisha ya Mkristo, siendi kwa jirani asiyekanyaga kanisani tangu ubatizo wake. Huyo ana shida nyingine. Mimi naenda kwa walioamka.

Na huku kwetu walioamka wana jina, walokole. Tumelipata kwa Waganda, ambao huwaita abalokole, yaani waliookolewa. Siku hizi kijana akikataa bia harusini wenzake humtania kwa jina hilo. Miaka ya 1930 halikuwa la utani. Liliwatia watu hofu, na sijui kama kuna walioliogopa kuliko wachungaji.

Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili. Mmoja ni Joe Church, daktari Mwingereza aliyetoka hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako njaa ilikuwa imetoka kuua watu wengi. Alikuwa amechoka mwili na moyo umemkauka. Mwingine ni Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameajiriwa serikalini. Wakafungua Biblia wakasoma pamoja kwa siku mbili. Tukiwasimulia hawa huwa tunaharakia moto uliowaka baadaye, tukasahau walikuwa akina nani siku ile. Hawakuwa wapagani. Mmoja alikuwa mmisionari, na mwenzake alikuwa mtoto wa kanisa lililokwisha kupitisha miaka 50 nchini, lenye mashahidi wa imani waliochomwa moto, shule, makanisa na machifu waliobatizwa. Kanisa la Uganda lilikuwa timu inayoongoza.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1931, msaidizi mmoja wa hospitali ya Gahini, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala kwa Nsibambi. Kazi ilikuwa imeharibika, wahudumu hawaelewani, na yeye alikuwa na maelezo ya kutosha juu ya nani ameharibu nini. Nsibambi akamgeuzia swali: na moyo wako wewe, ukoje? Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akawa mshirika wa Church kwa miaka mingi. Mwishoni mwa Desemba 1933, katika mkutano wa maombi hapo hapo Gahini, mtu mmoja alisimama akaungama dhambi zake mbele ya wote. Akafuata wa pili, na watatu, na ikawa hivyo kwa zaidi ya saa mbili. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa amekusudia kuiuliza sinodi ya kanisa lake kwa nini limepoa. Alifariki Januari 1936. Neno lake, Zukuka, ambalo kwa Kiganda ni amka, likabaki midomoni mwa watu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, kwa kuwa walidamka kusali na kuhubiri, wakaambiwa waache, wakakataa. (Nimefundisha theolojia miaka mingi. Nakiri kwamba ningekuwa mkuu wa chuo kile, yamkini ningewafukuza pia. Mwanafunzi anayekuhubiria saa kumi alfajiri anahitaji mwalimu mwenye neema ya pekee.)

Uamsho huo wa walokole ulifika kwetu Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, kabla ya mimi kuzaliwa, na ukamkuta bibi yangu. Nilipokuwa mtoto, ushirika wa Alhamisi ulikutana nyumbani kwake. Tulikaa juu ya nyasi zilizotandazwa, harufu ya kahawa inayoanikwa ikiingia mlangoni. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye ushuhuda wake tuliujua kwa moyo. Alikuwa mlevi, alimpiga mkewe, na mwaka 1948 Yesu alimkuta njiani akitoka kilabuni. Sisi watoto tulikuwa tukiuigiza nyuma ya nyumba, hata mahali anapokohoa. Siku moja alipomaliza, bibi hakuanzisha wimbo kama desturi. Akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Na wiki hii, ndugu?"

Mzee akanyamaza. Tulisikia mbuzi wa jirani. Halafu akakaa.

Alhamisi iliyofuata alikuja na jembe. Alikuwa ameliazima kwa jirani, misimu mitatu ikapita, na mwenye jembe akafa bila kurudishiwa. Alisema amelitia mpini mpya na sasa anampelekea mtoto wa marehemu, ila ametaka ndugu walione kwanza. Lilikuwa limelika mpaka limebaki kama kijiko.

Kwa maoni yangu, nguvu yote ya Uamsho ilikuwa katika swali lile. Watu hudhani ilikuwa katika machozi na nyimbo. Machozi yalikuwepo, lakini machozi huzoeleka upesi kuliko kitu chochote. Walichokuwa nacho wale ndugu ni ushuhuda wa wiki hii, uliotolewa mbele ya mtu anayekujua na mwenye ruhusa ya kukuuliza. Ulikuwa na uzito wa kushikika pia: shuka ya hospitali, jembe, fedha ya mwajiri, vikarudi kwa wenyewe. Hayo waliyaita kutembea nuruni. Na nuru ile haikuchagua. Mzungu aliungama kiburi chake mbele ya Mwafrika, jambo ambalo katika miaka ile ya ukoloni lilikuwa geni kuliko kunena kwa lugha.

Wahubiri wetu hupenda kulipiga kanisa la Laodikia, lile la Kitabu cha Ufunuo, kwa uvuguvugu wake, nao husema moto ni mlokole na baridi ni mpagani. Mimi siafiki. Jirani na mji ule palikuwa na chemchemi za moto za Hierapolis, na upande wa pili maji baridi ya Kolosai. Ya moto yanatibu, ya baridi yanakata kiu. Ya vuguvugu ndiyo yasiyo na kazi. Na Laodikia haikuwa vuguvugu kwa umaskini. Tetemeko liliubomoa mji huo mwaka 60, na Tacitus anasimulia kwamba ulijijenga upya kwa mali zake wenyewe, bila msaada wa Roma. Mji uliokwisha kujiokoa mara moja huona haya kuomba tena.

Uamsho nao ulijijenga, kisha ukalala. Mapema miaka ya 1970 ndugu wa Uganda waligawanyika. Kundi la Yona Mondo lilisema wenzao wamesinzia katika raha na madeni, likajiita Abazukufu, walioamka upya. Nadhani waliona ugonjwa sawasawa. Dawa yao ndiyo inayonitia shaka, maana walitunga makatazo, na makatazo ni kitanda kizuri sana. Ukishayatimiza yote unajinyoosha juu yake na kufumba macho.

Halafu kuna mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari. Siwezi kuitaja Gahini nikaishia kwenye habari njema. Rwanda, nchi ambayo uamsho huu uliwaka ndani yake, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizobatizwa kuliko nyingine zote barani. Watu walikimbilia makanisani wakitumaini kwamba huko hawataguswa, na wakauawa humo. Kanisa la Ntarama na la Nyamata leo ni makumbusho, na nguo za waliouawa zimehifadhiwa humo. Sisemi Uamsho ndio uliosababisha, na wapo ndugu waliowaficha jirani zao kwa hatari ya roho zao. Lakini makanisa ya nchi ile, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yalikuwa yamezoea kuhesabu waliobatizwa. Swali la bibi, watu hawakuulizana juu ya kitambulisho kilichoandikwa kabila. Mtu aliweza kuungama sukari aliyoiba na asiungame chuki.

Niseme na langu, isije ikaonekana naongea juu ya watu wengine. Mwaka jana niliitwa msibani kumwombea jirani. Niliomba vizuri. Watu wakaitika amina, mjane akanishika mkono kwa mikono yake miwili akalia. Mimi wakati wote ule nilikuwa nawaza gari langu, kwamba nimeliegesha mahali ambapo gari la maiti litashindwa kugeuzia. Sala ilijisali yenyewe. Miaka thelathini ya mazoezi inatosha kumwombea mjane bila kuwepo.

Nilipokuwa naandaa mhadhara huu nilitafuta katika rafu zangu habari za Kigozi. Nikatoa kitabu, nikakifungua, na ndani yake nikakuta mhuri wa maktaba ya chuo jirani: tarehe ya kurudisha, Machi 2009. Nimekinukuu darasani mara nyingi. Nimekipigia mstari kwa wino, samahanini.

Kiko kwenye gari sasa hivi. Maktaba ile inafungwa saa mbili usiku, kwa hiyo namwomba Mwenyekiti asiruhusu maswali yazidi matatu.