Jina Chini ya Kazi
(Hotuba kwa akina mama wa darasa la ushonaji, Cheptais)



Msafiri apendaye kazi ya sindano, afikapo Uingereza, huonyeshwa mengi: mavazi ya wafalme, na chuo cha kudarizi kilichoanzishwa mwaka 1872, ambacho sasa kimo katika jumba la Hampton Court. Lakini mimi ningemwongoza kwanza mpaka mji wa Reading.

Katika nyumba ya makumbusho ya mji huo mna kitambaa chenye urefu wa karibu meta 70, kilichodariziwa habari za vita vya mwaka 1066. Hicho ni nakala. Kile cha asili ni cha Bayeux, Ufaransa, wala hapana ajuaye majina ya waliokishona.

Nakala ilishonwa mwaka 1885 na 1886 na Bibi Elizabeth Wardle wa mji mdogo wa Leek, pamoja na wenzake zaidi ya 30. Kila mmoja, amalizapo sehemu yake, alidarizi jina lake chini yake. Ndiyo sababu hata leo twawajua.

Akina mama, katika nyumba zetu hapa Mlima Elgon vimo vitambaa vya meza na vya viti vilivyodariziwa na mama zetu. Mtoto akiuliza, "Ni nani aliyekishona hiki?" wengi wetu hunyamaza. Basi nawasihi: kabla ya kukata uzi wa mwisho, tieni majina yenu pembeni. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Faida yake wataiona wajukuu.