Malalamiko Yasiishie Kituoni

Wachungaji, mapadri, wazee wetu, akina mama na vijana wa Kisii na Nyamira,

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulipata vyama vingi. Lakini raia aliyepigwa na polisi aliendelea kuwashtaki kwa polisi wenzao: kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Chombo huru cha kuwachunguza, IPOA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, miaka 20 baadaye.

Sheria hiyo inawalazimu polisi kuiarifu IPOA kuhusu kifo au jeraha baya lililosababishwa na afisa. Mwaka 2013, mahabusu wa kituo cha Ruaraka, Nairobi, aliuawa, na mahabusu mwenzake akashtakiwa. IPOA ilipochunguza, mashtaka yalimgeukia mkuu wa kituo. Mahakama Kuu ikamtia hatiani mwaka 2018.

Ndugu zetu, kesi husimama kwa ushahidi. Tuandike tarehe, mahali na namba ya afisa. Tuhakikishe daktari amejaza fomu ya P3, nasi tubaki na nakala. Makanisa yamsindikize mlalamishi, yawalinde mashahidi. Mtu akiwa peke yake hutishwa akanyamaza. Sheria tuliipigania, sasa tuitumie.