Usimcheke aliyeanguka

Neno letu leo ni Luka 13, mstari wa 4 na wa 5.

Tarehe 22 Februari 2020, kule California, Marekani, Mike Hughes, mtu wa miaka 64, aliingia katika roketi ya mvuke aliyoiunda mwenyewe. Parashuti ilichomoka mapema, roketi ikaanguka jangwani, akafa. Video ilienea duniani. Wengine walimsifu ushujaa. Lakini wengi walicheka: si huyu aliyesema dunia ni bapa? Amepata alichotafuta!

Yesu aliwauliza watu habari za wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Je, walikuwa na makosa kuliko wote wa Yerusalemu? Alijibu hapana. Kisha akawageukia waliosimama mbele yake: tubuni ninyi.

Sisi wa Bambu tunayajua maneno ya namna hii. Shimo la dhahabu likimbomokea kijana, mwili haujatolewa bado, tayari watu wanasema: ni tamaa, ni dawa za mganga. Na mama yake anasikia.

Ndugu, onya mapema, kijana angali hai: mwambie asishuke mvua ikinyesha, asiingie penye ufa. Akiisha kufa, funga kinywa. Peleka maji na kuni kilioni, keti na mama yake. Halafu jiulize: nikiitwa leo, mimi niko tayari?

Bwana atupe ulimi wa huruma. Amina.